Nakuomba Ruhusa, Mwalimu

Vyungu viwili vya pombe ya ndizi vilishushwa kwenye kivuli cha nyumba ya mzee Matiasi siku ya Jumamosi, saa saba mchana. Scolastica alipovichungulia kupitia dirisha la jikoni hakutabasamu. Alitakiwa kufurahi. Msichana gani wa Kanazi asingefurahi siku anayoletewa posa na mwanamume anayempenda? Na alimpenda, hilo tusifichane. Alimpenda Modestus kiasi kwamba jina lake likitajwa sokoni, yeye alisahau alichokwenda kununua.

"Usisimame hapo kama mgeni," mama yake, Adelfina, alimwambia huku akigeuza ndizi kwenye sufuria. "Wakikuona unachungulia watasema una njaa ya kuolewa."

"Na si ndivyo wanavyotaka, mama?"

"Wanataka uwe nayo, ila wasiione."

Scolastica alicheka kidogo, akarudi kwenye maharage yake. Nje, sauti za wazee zilikuwa zinasalimiana kwa mapana na marefu. Wageni walikuwa wanne, wametoka Nyamahanga, Biharamulo, wakapewa lifti na lori la mahindi ya msaada lililokuwa linapanda kwenye kambi ya wakimbizi. Msemaji wao alikuwa mzee Laurian, baba mkubwa wa Modestus. Modestus mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, kanyoosha mgongo, mkono mmoja ameuweka kifuani juu ya mfuko wa koti. Koti lilikuwa lake. Viatu vilikuwa vya kaka yake.

Utaratibu wa pale nyumbani ulikuwa mmoja na kila mtu aliujua. Vyungu vinakaa vimefunikwa kwa majani ya mgomba, na mirija imelazwa juu yake. Hakuna anayegusa mpaka binti aitwe, apige magoti, na baba yake amuulize mbele ya watu, "Tunywe?" Akisema nyweni, amekwisha kuwa wa watu. Mahari itafuata, padri atafuata, lakini neno limeshatoka. Akisema msinywe, wageni wanapewa chakula na vyungu vyao vinarudi vilikotoka, bila matusi. Kwa hiyo binti alikuwa na neno moja tu maishani mwake lililosikilizwa na wazee, na leo ndiyo ilikuwa siku yake.

Scolastica alikuwa ameshaamua. Angesema nyweni. Alikuwa amelia kwanza, wiki mbili nzima, ndipo akaamua.

Alichokililia kilikuwa chuo. Mwaka jana, alipomaliza kidato cha sita, alichaguliwa kusomea udaktari chuo kikuu, Dar. Kabla hajafunga sanduku, wakimbizi wakaingia Ngara, maelfu kwa maelfu, na mashirika yakaja nyuma yao yakitafuta watu wanaojua Kiingereza na Kirundi. Sasa Mhangaza gani wa hapa Ngara anashindwa kuongea na Mrundi? Lugha zenyewe ni mtu na dada yake. Scolastica akachukuliwa kuwa mkalimani kwenye zahanati ya kambi, na mshahara wake wa kwanza ulimfanya baba yake akae chini. Nyasi zikatoka juu ya nyumba, bati zikapanda. Mdogo wake akaenda sekondari. Baba akamwomba, kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo siku zote, aahirishe chuo mwaka mmoja. Akaahirisha. Chuo kikakubali, kikasema kitamwandikia tena, mara ya mwisho.

Hakikuandika. Miezi ilipita, tarehe za wenzake kuripoti zikakaribia, na barua haikuonekana. Anuani aliyoitoa ilikuwa sanduku la posta la shule aliyokuwa anafundisha Modestus kule Biharamulo, kwa sababu barua za sanduku la parokia zilisomwa na panya kabla ya wenyewe. Kila Modestus alipokuja alimuuliza, na kila mara Modestus alitikisa kichwa. Mwishowe Scolastica alimwambia, "Basi. Leta pombe kwa baba." Jumatatu angesaini mkataba mpya wa shirika, miaka miwili mingine ya kutafsiri, na maisha yangeendelea.

"Hodi jikoni."

Alikuwa Modestus, amesimama mlangoni. Mama Adelfina alishika mwiko juu kama anataka kumpiga nao.

"Wewe kijana, nani kakutuma huku? Mwenye posa hamwoni binti kabla ya chungu kufunguliwa."

"Shikamoo mama. Nisamehe. Nataka maneno mawili tu na Sikola. Hayawezi kungoja."

"Marahaba. Hata kama hayawezi, yatangoja."

Lakini Scolastica alikuwa ameshamwona usoni. Kwa miaka mitatu alikuwa amezisoma zile nyusi, na leo zilikuwa za mtu mwenye homa. Akaifuta mikono kwenye khanga, akatoka. Modestus alimshika mkono, labda bila kujua, wakapita pembeni mwa uwanja na kuingia migombani. Walipopita, baba mdogo Xavery, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alisema kitu na wazee wakacheka.

Migombani kulikuwa na baridi kidogo. Walisimama wakitazamana, na Scolastica, pamoja na wasiwasi wote, alitamani amwekee kola yake sawa.

"Umependeza, mwalimu," alisema. "Viatu vinakubana?"

"Vinanibana. Sikola, nikikuambia jambo utaniacha niseme mpaka mwisho?"

"Sema."

Modestus aliingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani akatoa bahasha. Ilikuwa imekunjwa mara mbili na pembe zake zimechakaa kwa jasho. Scolastica aliiona nembo ya chuo. Akaipokea. Ilikuwa imeshafunguliwa. Akasoma mistari minne ya kwanza, akaruka chini kwenye tarehe. Aripoti kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na asiporipoti nafasi atapewa mwingine na hatafikiriwa tena.

"Ijumaa ipi?" aliuliza, ingawa alikuwa ameiona.

"Hii inayokuja."

"Imefika lini?"

Modestus alitazama viatu vya kaka yake. "Wiki tatu zilizopita."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayomfanya mtu aongee polepole. Ya Scolastica ilikuwa hii ya pili.

"Wiki tatu. Nilikuuliza Jumapili ile baada ya misa. Nilikuuliza ukiwa unakula chakula nilichokupikia. Ukanitikisia kichwa."

"Nilikutikisia."

"Nikalia mbele yako, Modestus. Ukanifuta machozi kwa leso yako."

"Najua."

"Na barua ilikuwa wapi?"

"Hapa." Alijigusa kifuani. "Sikuichana. Kila siku nilisema leo nitampa. Nilipokukuta unalia nilitaka kuitoa, nikawaza, akienda ni miaka mitano. Dar. Utakaa na madaktari, utaongea na madaktari, halafu siku moja utanikumbuka mimi kama mtu uliyewahi kumjua kijijini. Niliogopa, Sikola. Sina neno zuri zaidi la kusema."

Scolastica aligeuka akawa anautazama mgomba. Mtu aliyemwibia ndiye huyo huyo ambaye yeye alitaka kumkimbilia amlilie. Hakuwa na mwingine.

"Na tena," Modestus aliendelea, sasa kwa haraka, kama mwalimu aliyekumbuka somo, "nilijiambia sikunyimi kitu cha maana. Nitazame mimi. Miaka mitatu Mlimani, joho nimevaa, picha ipo ukutani kwa mama. Mlinzi wa ghala la kambi aliishia darasa la saba, na nikimkuta kambini Benaco yeye ndiye ananinunulia soda. Yule daktari aliyekuwa anakuja na baiskeli kuchanja watoto yuko wapi leo? Kaacha udaktari, anahesabu magunia kwenye stoo ya shirika, na anakula vizuri. Mwenye digrii anamwomba dereva amtetee kwa bosi apate kazi. Sasa wewe una kazi tayari, unapata mara tatu ya mshahara wangu, halafu uiache ukakae kwenye madawati miaka mitano, urudi ulipwe kama mimi? Nikuambie ukweli, digrii imenipa vumbi la chaki kooni. Basi."

"Imekupa na mdomo wa kuitukana," Scolastica alisema. "Aliye nayo ndiye anayeweza kusimama hapa akasema haina maana. Mimi nikisema hivyo nani atanisikiliza?"

"Nazungumzia maisha, Sikola. Kazi. Mshahara."

"Na mimi nazungumzia kazi. Unaijua kazi yangu? Mama anakuja na mtoto anayeishiwa maji mwilini. Ananieleza mimi, namweleza daktari, daktari ananieleza, namweleza mama. Maumivu ya watu yanapita mdomoni mwangu kutwa nzima na mikono yangu iko mitupu. Wiki iliyopita daktari alikuwa Ngulia, kambi nyingine, mtoto akafia kwenye mkeka mimi nikiwa nimeshika daftari. Nilijua kwa Kiingereza na kwa Kirundi kilichokuwa kinamuua. Sikujua la kufanya."

Akairudisha barua kwenye bahasha.

"Na Irakoze je? Nilikwambia habari zake. Alikuwa daktari kwao, amekimbia na watoto wawili na sufuria, cheti kimebaki kwenye nyumba iliyoungua. Shirika limempa kazi ya kufunga vidonda. Yule daktari kijana wa kizungu akikwama anamwita pembeni anamuuliza, Irakoze anamjibu, halafu kijana ndiye anatia sahihi. Juzi akaniambia, 'Mimi karatasi ilinitoka nikiwa mbioni. Wewe inakungoja imekaa, na unapita kando yake kila siku.' Nikashindwa kumjibu. Nilidhani hainingoji tena, kumbe iko kwenye koti lako."

"Nisamehe."

"Na wakimbizi wakirudi kwao? Siku moja watarudi. Shirika litakunja mahema, na mimi nitabaki na miaka thelathini na Kiingereza cha homa na kuhara. Digrii yako inakulipa vibaya, sikatai, ila hakuna atakayekuja kuikunja aipakie kwenye lori."

Kutoka uwanjani zilisikika sauti za watu wakicheka. Modestus alimsogelea, akamshika vidole vya mkono wa kushoto, akavibana kidogo kama alivyozoea.

"Kwa nini umenipa leo?" Scolastica aliuliza. "Ungekaa kimya saa moja tu, ningekuwa nimeshasema nyweni."

"Nisingeweza kuimeza ile pombe na barua iko hapa. Nilijaribu kujilazimisha njia nzima."

Na hapo, jamani, moyo wa Scolastica ukageuka tena. Mtu gani anakuumiza hivi halafu anakupa sababu ya kumpenda kwenye pumzi ile ile? Alimwekea ile kola sawa. Macho yao yakakutana yakakaa.

"Nisikilize," alisema. "Baba akiniuliza nitasema msinywe. Siyo kwamba sikutaki. Nataka uningoje. Jumatatu alfajiri nitapanda gari la Mwanza, nitaiwahi treni, Ijumaa nitakuwa nimefika. Likizo nitakuja. Ukinipenda utaningoja."

"Sema moyo wako unavyotaka," Modestus alijibu, macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Sitakulaumu."

Walitoka migombani. Scolastica alikuwa ameshapanga maneno yake, na neno la kwanza lilikuwa limeshamkaa ulimini.

Majani ya mgomba yalikuwa chini. Chungu kimoja kilikuwa wazi, na mirija sita imesimama ndani yake. Mzee Laurian alikuwa anafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Baba mdogo Xavery alikuwa ameinama anavuta kama mtu aliyetoka jangwani. Na mzee Matiasi, baba yake, alikuwa ameshika mrija wake kwa vidole viwili, na macho yake yalimetameta kwa furaha ambayo Scolastica hakuiona tangu siku ya bati.

"Karibuni, wana wetu," Xavery alisema. "Tuliwangoja, koo zikakauka. Nikamwambia kaka, hawa wamepita mbele yetu wameshikana mikono, unataka uulize nini tena? Binti ameshajibu."

Wazee walicheka. Mzee Laurian alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kwetu Usubi, kule Biharamulo, hata nusu ya hapo ingetosha," alisema.

Scolastica alisimama. Lile neno lilikuwa bado ulimini, na halikuwa na pa kwenda.

"Baba," alisema, "hamjaniuliza."

Kicheko kilikatika. Mzee Matiasi alimtazama akidhani ni aibu ya kike.

"Umejibu kwa miguu, mwanangu. Watu tisa wamekuona."

"Nilikwenda kupokea barua." Alipiga magoti, akaiweka bahasha juu ya mapaja ya baba yake. "Ya chuo. Imekuja. Natakiwa Ijumaa."

Mzee Matiasi hakusoma Kiingereza, lakini ile nembo aliijua vizuri, alishawahi kuichukia mara mbili. Hakuishika bahasha. "Jambo hili tulilimaliza mwaka jana."

"Tuliliahirisha, baba."

"Jumatatu unasaini mkataba na shirika."

"Jumatatu nataka kusafiri."

"Scolastica." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesihi mbele ya wageni bila kutaka ionekane kwamba anasihi. "Nyumba hii imeezekwa na digrii ipi? Mdogo wako anasomeshwa na digrii ipi? Mkwe wetu huyu amesoma mpaka mwisho, mheshimiwa kabisa, na ametoka kwao kwa lifti ya mahindi. Umeshika riziki mkononi, unataka kuiweka chini uende kuitafuta?"

"Nikirudi nitakuwa daktari, baba."

"Ukirudi nitakuwa wapi mimi?"

Mama Adelfina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko bado mkononi. Mzee Matiasi aliona aibu kwa kujiuliza vile mbele za watu, na aibu ikamfanya awe mkali. Akaisukuma bahasha irudi kwa binti yake.

"Na hata ningetaka, mimi siombwi tena. Nimeshakunywa. Uko mikononi mwa watu wengine, na ukitaka kusafiri mwombe mwenye pombe. Sasa inuka ukalete chakula."

Alisema hivyo ili maneno yaishe. Scolastica hakuinuka. Alibaki palepale akifikiri, na kadiri alivyofikiri aliona kwamba kila mtu pale uwanjani alikuwa anampenda, na kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa mlango kuufunga. Ila mmoja wao alimwahidi migombani, dakika chache tu zilizopita, kwamba hatamlaumu.

Akageuka, akiwa bado amepiga magoti, akamwelekea Modestus mwisho wa benchi. Alimwinamia kama mke anavyomwinamia mume.

"Nakuomba ruhusa, mwalimu," alisema kwa sauti iliyosikika na kila mtu. "Pombe imenywewa, mimi ni wako, sibishi. Nakuomba miaka mitano nikasome. Nikimaliza nitarudi, tutafunga ndoa pale kanisani Kanazi, wakiwepo hawa hawa. Niruhusu."

Modestus alimtazama. Macho yake yalijaa maji. Midomo ilifunguka, na Scolastica aliliona lile neno likija, alikuwa na hakika ameliona. Kisha mzee Laurian alikohoa. Akamsogezea Modestus mrija wa saba, ambao ulikuwa haujaguswa.

"Mwanamume huambiwa mara moja na hujibu mara moja," alisema mzee.

Modestus aliupokea mrija. Akautazama mkononi mwake muda mrefu. Pale migombani kulikuwa na msichana aliyekuwa anakwenda kukataa, naye asingeweza kumzuia. Hapa uwanjani msichana yule yule alikuwa anamwomba, na chungu kilikuwa wazi bila yeye kukifungua. Safari hii hakuiba, hakudanganya, hakulazimisha. Alipewa tu.

"Sitoi," alisema.

Alisema kwa upole sana. Hata Xavery aliacha kuvuta.

Scolastica hakulia. Aliwaza, kumbe ndivyo itakavyokuwa. Nitaomba kwenda sokoni, nitaomba kwenda kwa mama, na mtu huyu ninayempenda atanijibu kwa upole huo huo.

"Umesema nini?"

Aliyeuliza ni mzee Matiasi.

"Nimesema sitoi, baba mkwe," Modestus alijibu. "Akae. Kazi anayo, na mimi nipo. Tutaishi vizuri."

Mzee Matiasi aliendelea kumtazama. Kisha akamtazama binti yake aliyepiga magoti kwenye vumbi, amemwinamia kijana wa watu, kichwa chini. Hakuwahi kumwona vile. Kwake Scolastica alipiga magoti ya salamu, huku macho yakimcheka.

"Mimi nimemkatalia mtoto huyu," mzee alianza polepole. "Mwaka jana, na leo tena. Kila nilipomkatalia sikulala. Nilikwenda kwa padri nikaungama, nikasema, Padri, nimekula masomo ya mwanangu kwa sababu ya bati. Nilimkatalia kwa shida. Wewe shida yako ni nini?"

"Nampenda, mzee."

"Mimi pia nampenda. Ndiyo maana ninajua unachokifanya." Aliuchomoa mrija wake kwenye chungu, akauvunja, akautupa nyuma ya benchi. "Mzee Laurian, nisameheni. Chakula mtakula, ni chakula chenu. Ila vyungu vyenu mwondoke navyo."

"Kaka, tumeshakunywa," Xavery alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshtuka kweli. "Pombe iliyonywewa hairudi. Watasemaje hapa Kanazi?"

"Watasema Matiasi alikunywa kabla ya kumuuliza mwanawe. Na watakuwa hawajasema uongo." Akamgeukia Scolastica. "Inuka, mama. Usimpigie mtu magoti kwa ajili ya kusoma. Na mkataba wa hao watu wako, Jumatatu nitakwenda mwenyewe niwaambie hausainiwi."

"Na bati, baba? Na ada ya mdogo wangu?"

"Bati zimeshapigwa misumari. Ada nitaangalia." Hakuwa na uhakika wa hilo na ilionekana. Aliinuka, akaingia ndani, na mlango akaufunga.

Wageni hawakula. Mzee Laurian alishika bakora yake na kuondoka mbele bila kuaga, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuaga jambo kama lile. Wawili walichukua chungu kilichofungwa. Kile kilichonywewa, ambacho hakuna mtu anayetaka kuonekana nacho barabarani, Modestus alikiinua mwenyewe akajitwika begani. Pombe ilimwagika kidogo kwenye koti.

Alisimama mbele ya Scolastica.

"Barua ulinipa kwa hiari yako," Scolastica alisema. "Ungeweza kuichoma. Kama hukutaka niende, ulinipa ya nini?"

Modestus alijaribu kutabasamu, ikamshinda.

"Nilidhani nikikupa mwenyewe, utaona ninavyokupenda, utabaki."

Scolastica alifunika mdomo kwa mkono. Hilo ndilo lililomliza, wala si lile la wiki tatu. Machozi yalimtoka akiwa anamtazama mwanamume wake akiteremka uwanja, akichechemea kwa sababu ya viatu, chungu kikicheza begani. Mama Adelfina alikuja akasimama ubavuni mwake, akampa upindo wa khanga ajifutie.

Njia ya kwenda barabarani ilipita kati ya mashamba ya kahawa, na mtu aliyesimama pale nyumbani aliweza kuiona mpaka kwenye kona. Scolastica alikuwa na bahasha mkononi. Baba alikuwa amemfungulia, hakuna tena wa kumwomba. Alikuwa huru na hakuwahi kujisikia vibaya namna ile tangu azaliwe. Miguu ilikuwa inataka kukimbia, na haikuwa inataka kukimbilia Dar.

Kwenye kona Modestus alisimama, akageuka. Kwa umbali ule uso haukuonekana, ulionekana mwili tu na chungu. Scolastica alijua, na kujua huko kulimtisha kuliko kitu kingine chochote siku ile, kwamba kama angekitua kile chungu, angekitua tu chini, yeye angeiacha barua palepale akamkimbilia, na asingekwenda popote.

Hakukitua.